Kikombe cha Saba

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema, bali zamani za majuzi tu, lifti zikiwepo na zikikwama, palikuwa na nchi iitwayo Uwanda. Uwanda ilikuwa na Benki Kuu. Benki Kuu ilikuwa na Bodi. Bodi ilikuwa na wajumbe saba, na wajumbe saba walikuwa na birika moja la chai. Msicheke. Birika ndilo lenye hadithi.

Gavana wa kwanza wa Uwanda, Mungu amrehemu, aliteswa sana na wajumbe wake. Asubuhi wanakubali, mchana wanakana, jioni kila mmoja anasema hakuwepo. Mwisho akachoka, akatunga kanuni. Bodi ikishaamua, kengele ilie, chai iletwe, wajumbe wanywe. Wakishakunywa wote saba, jambo limefungwa, na jambo lililofungwa halifunguliwi ila na walewale saba waliolinywea. Watu wakaiita chai ya kufunga.

Wakaamua kupandisha riba: kengele ikalia, chai ikaingia, wakanywa, jambo likafungwa. Wakaamua milango yote ipakwe rangi ya ugoro: kengele ikalia, chai ikaingia, wakanywa, jambo likafungwa. Mwaka mmoja wakaamua kwamba paka wa ghala la majalada, kwa kazi nzuri ya kuua panya, aajiriwe kwa masharti ya kudumu. Kengele ikalia, chai ikaingia, wakanywa. Paka akafa, lakini jina lake halikutoka kwenye orodha ya watumishi, kwa sababu wajumbe wawili waliomnywea walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nani angewaamsha?

Aliyeipika chai hiyo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Bi. Nyamizi. Mwanamke mnene kiasi, mwepesi wa miguu, mkono wake kwenye tangawizi haukuwa na mpinzani. Alibakiza miezi mitatu tu astaafu, achukue kiinua mgongo chake, aende zake kwao akajenge nyumba ya vyumba vitatu ambayo ramani yake alikuwa ameichora mwenyewe nyuma ya kalenda.

Lakini Bi. Nyamizi alikuwa na ugonjwa mmoja: kutaka kujua. Na ugonjwa huo aliuuguza mahali pabaya, maana kanuni nyingine ya yule Gavana wa kwanza ilisema hivi: mhudumu wa chai haruhusiwi kusema neno ndani ya chumba cha Bodi. Akisema, kazi yake imekwisha siku hiyohiyo, na kiinua mgongo kimekwenda na maji.

Basi kwa kuwa hakuweza kuuliza, alisoma vikombe. Wakinywa harakaharaka, wamejiongezea posho. Wakipuliza sana, kuna mtu amefukuzwa. Wakiacha nusu, wameamua jambo wasilolielewa. Miaka ishirini na miwili alisoma vikombe hivyo, na mara chache sana alikosea.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Siku hiyo Bodi ilikutana kuamua juu ya noti mpya. Noti za zamani za Uwanda zilitofautiana urefu: ya mia fupi, ya mia tano ndefu kidogo, ya elfu ndefu zaidi. Mjumbe mmoja, Daktari Lwitiko, alikuwa ameandaa pendekezo kwa miaka mitatu. Noti zote ziwe na kipimo kimoja! Mashine moja ya kuchapa badala ya tatu, pochi zisizikunje, nchi ipendeze. Vielelezo vitatu vya noti hizo vilikuwa vimeletwa kutoka kwa wachapaji, na kanuni ilikuwa kali: kielelezo hakitoki kwenye chumba cha Bodi.

Daktari Lwitiko aliipenda noti yake ya elfu kama mtu apendavyo mtoto aliyempata uzeeni. Jana yake, wengine walipotoka, aliinyanyua aitazame kwenye mwanga. Akaitazama tena. Akaitia kwenye mfuko wa shati dakika mbili tu, aone inavyokaa. Kisha simu ikalia, akaondoka nayo bila kukumbuka.

Asubuhi, kabla ya kikao, njaa ikambana. Nje ya lango la Benki alikuwa akikaa Sikudhani, mama wa miaka arobaini hivi, muuza vitumbua. Sikudhani hakuwa akiona tangu akiwa na miaka saba. Lakini vitumbua vyake, hata Bodi ilivijua. Ndivyo vilivyosindikiza chai ya kufunga.

"Vinne, mama," akasema Daktari, akatoa noti mfukoni. "Elfu hiyo. Nirudishie mia nane."

Sikudhani akailaza noti kwenye kiganja, mwisho mmoja kwenye kifundo cha mkono, akaifuata kwa kidole mpaka ilipokomea. Ndivyo alivyozijua. Mia ilikomea kwenye shina la kidole cha kati. Mia tano, pingili ya kwanza. Elfu, pingili ya pili. Hii ikakomea pingili ya kwanza.

"Baba, hii ni mia tano."

"Elfu, mama. Imeandikwa hap..." Akajikata mwenyewe. Aibu ikamshika, na saa ilikuwa imekwenda. "Haya, baki nayo yote," akasema, akaondoka na vitumbua vyake.

Saa tano Bi. Nyamizi akashuka kuchukua sahani ya vitumbua vya Bodi.

"Shikamoo, Bi. Nyamizi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Nisomee hii. Mtu mmoja mstaarabu, sauti yake naijua, ameniambia ni elfu. Mkono wangu unasema mia tano. Halafu inanuka wino. Haina jasho la mtu hata mmoja."

Bi. Nyamizi akaitazama. Akaigeuza. Ilikuwa noti ya elfu, lakini elfu ambayo haijazaliwa.

"Mwanangu," akanong'ona, "hii ni ya juu. Ni ile wanayoiamua sasa hivi; vielelezo vyake niliviona jana nikipangusa meza, vyote vinalingana. Zote zitakuwa na urefu huu."

"Zote?"

"Mia, mia tano, elfu. Zote."

Mafuta yakachemka kwenye kikaango, kitumbua kikaanza kuungua, naye Sikudhani hakukigeuza. Hilo lilimtisha Bi. Nyamizi kuliko noti yenyewe.

"Basi wamenifunga," akasema mwishowe. "Mtu atanipa mia aseme elfu, nami nitamrudishia chenji na kumshukuru. Na si mimi peke yangu, Bi. Nyamizi. Sisi tusioona tuko wangapi Uwanda hii?"

"Sikiliza. Itie motoni. Kanuni inasema mtu wa nje akikutwa na kielelezo, haruhusiwi kuweka hata kigoda karibu na ukuta wa Benki maisha yake yote. Utapoteza pahala pako. Itie motoni, tunyamaze."

Sikudhani akaipapasa noti ile mara ya mwisho. Moto ulikuwa pale pale, shibiri moja kutoka mkononi mwake.

"Ipeleke juu," akasema. "Na wakiuliza imetoka kwa nani, sema kwa Sikudhani."

Bi. Nyamizi akaificha chini ya sahani ya vitumbua, akapanda. Hata kabla hajafika jikoni, kengele ikalia.

Kengele ikilia, jambo limeamuliwa. Kilichobaki ni chai.

Akaingia. Mezani Gavana Apaikunda, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Kulia kwake Daktari Lwitiko, uso unang'aa. Pembeni Katibu Semboja, kalamu mkononi, na wajumbe wengine watano. Bi. Nyamizi akaweka sahani. Akaanza kumimina.

Akamimina kikombe cha kwanza, mjumbe akanywa. Bi. Nyamizi akawaza: nikinyamaza, nyumba yangu ya vyumba vitatu ipo. Akamimina cha pili, mjumbe akanywa. Akawaza: labda wameshalifikiria, hawa ni watu wa vyuo. Cha tatu, akanywa. Akatazama: hakuna aliyepuliza, hakuna aliyeharakisha. Cha nne, akanywa. Cha tano, akanywa, akabakiza nusu. Na kikombe cha kwanza, akaona, kilikuwa nusu, na cha pili nusu. Cha sita kilikuwa cha Daktari Lwitiko, na huyo alikimaliza chote. Wengine wote nusu! Wameamua jambo wasilolielewa.

Cha saba kilikuwa cha Gavana, ambaye kwa desturi hunywa mwisho.

Gavana akasogeza kikombe. Chai haikuja. Akakisogeza tena. Bi. Nyamizi alikuwa amelikumbatia birika kifuani, moto wake ukimchoma, asilishushe.

"Bi. Nyamizi, kikombe changu."

Na Bi. Nyamizi, baada ya miaka ishirini na miwili ya ukimya, akafungua kinywa.

"Chai haijaiva, Mheshimiwa Gavana."

Kalamu ya Katibu ikaanguka. Mjumbe mmoja akacheka kwa woga. "Haijaiva vipi? Sisi tumeinywa!"

"Mmeinywa mbichi," akasema Bi. Nyamizi. Akanyanyua sahani ya vitumbua, akailaza ile noti mbele ya Gavana. "Hii ilikuwa mkononi mwa Sikudhani wa vitumbua. Ameniambia niwaambie imetoka kwake. Anazijua noti kwa urefu, Mheshimiwa. Hii yenu haijui, wala hatazijua zote zijazo. Sasa nimesema. Nafukuzika nikijua."

Katibu akahesabu vielelezo: viwili. Cha tatu ndicho kile, kina mafuta ya kitumbua.

"Ameiba!" akasema mmoja.

"Asiyeona ataibaje ghorofa ya saba?" akajibu mwingine.

"Hilo tutalichunguza baadaye," akasema wa tatu. "Sita tumekwisha kunywa. Gavana anywe, tufunge."

Na alisema kweli. Kanuni ilikuwa wazi: wengi walikuwa wamekubali, na pendekezo lililokubaliwa laweza kuondolewa mezani na mtu mmoja tu, naye ni aliyelileta, tena kabla kikombe cha mwisho hakijanywewa. Gavana mwenyewe hakuwa na uwezo huo. Angeweza kukataa kunywa mpaka jioni; mwishowe angekunywa.

Bi. Nyamizi akamtazama Daktari Lwitiko. Alitaka kujua. Mungu wangu, jinsi alivyotaka kujua! Mtu yule alikuwa amekodolea macho doa la mafuta kwenye noti yake. Hakuna aliyemwona langoni. Aliyeuziana naye hana macho. Angenyamaza nusu saa tu, na mambo yangepita, na noti ingetoka na sahihi yake kama mwasisi wake. Akashika kikombe chake kitupu, akakigeuza, akakirudisha.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoka nayo jana. Leo nimemlipa nayo. Akaniambia ni mia tano nami nikataka kumwambia asome." Akalifuta lile doa kwa kidole gumba. "Miaka mitatu nimeipima noti hii kwa kila kipimo. Sikuipima kwa kiganja. Naliondoa pendekezo langu."

Sikudhani akaletwa kwa lifti, ambayo siku hiyo haikukwama. Gavana akamwomba awaonyeshe.

"Fumbeni macho," akasema Sikudhani.

Wakafumba, wote saba, hata Katibu akafumba ingawa hakuambiwa. Akawapitishia vielelezo vitatu, mmoja mmoja. "Hii ngapi?" Wakabahatisha. "Na hii?" Wakabahatisha. "Na hii?" Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, akafumbua jicho moja achungulie, na Sikudhani akasema, "Mheshimiwa, mimi la kufumbua sina." Hakujulikana amejuaje. Kisha akawapa noti za zamani na kuwafundisha kifundo cha mkono, shina la kidole, pingili. Wakapata. Wakacheka kama watoto waliojua kuhesabu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ile Bodi ya Uwanda ililala kidogo.

Adhuhuri ile ile wakaamua upya. Noti mpya ziwe na urefu wa aina tatu, na kila moja iwe na mistari iliyoinuka ya kupapaswa. Wote saba wakakubali, safari hii wakielewa.

Sasa hapo ndipo fundo lilipo.

Katibu Semboja akakohoa. "Mheshimiwa Gavana, kabla ya chai, mambo mawili. Kwanza, noti za Uwanda hutiwa sahihi mbili. Ya Gavana, na ya mtu mmoja ambaye bila yeye noti isingekuwa ilivyo. Niandike nani? Pili, makosa. Bi. Nyamizi amesema chumbani, leo kazi yake imekwisha na kiinua mgongo hakuna. Daktari ametoa kielelezo nje, anapoteza kiti chake. Sikudhani amekutwa nacho, anaondolewa langoni maisha."

"Tuwasamehe wote!" akasema mjumbe mwenye mvi.

"Kanuni hizo zilifungwa na saba wa kwanza," akasema Katibu kwa huzuni ya kweli. "Sita wamezikwa. Tusizoweza kuzifungua ni hizo hizo. Lakini mwenye sahihi kwenye noti hagusiki na kanuni yoyote ya Benki hii. Hilo nalo lilifungwa. Mmoja, basi. Mmoja tu."

Gavana akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Waseme wenyewe," akasema.

Sikudhani akasema: "Mimi sina shule ya kujifanya sitaki. Bila mkono wangu msingejua kuna kosa. Bi. Nyamizi alinishauri niitie motoni, na alinishauri kwa huruma, lakini ningemsikiliza leo mngekuwa mnalala usingizi. Huyu baba hata alipoambiwa langoni kuwa ni mia tano hakusikia. Pahala pale langoni nimelea watoto wanne. Mkiniondoa, noti nitazijua, lakini nitazipatia wapi?"

Daktari Lwitiko akasema: "Mwenye kosa la kwanza ni mimi, sikatai. Ila nisingekosea, noti ingetoka bila mtu kuishika mapema. Na hawa wawili walikuwa wanasukuma mlango uliofungwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu. Ningekaa kimya, Sikudhani angeitwa mwizi na Bi. Nyamizi mkorofi. Noti hii mpya nayo nitaichora upya mimi, nani mwingine anaijua kazi? Mkininyang'anya kiti, mtu mwingine aliyekosa kama mimi atajifunza nini? Atajifunza kunyamaza."

Maneno hayo yakawaingia wajumbe, ikaonekana.

"Na wewe, Bi. Nyamizi?" akauliza Gavana. "Umeshafukuzika. Sema tu."

Bi. Nyamizi akaliweka birika mezani kwa mara ya kwanza. Vidole vilikuwa vyekundu.

"Sikudhani alikuwa mtaani kwake, mtu husema mtaani. Daktari alikuwa na kiti, na kiti kinasema. Mimi tu ndiye niliyekatazwa kusema, na nilijua bei yake, naijua mpaka bati la mwisho. Ningemimina kikombe kimoja, kimoja tu, kazi niliyolipwa kuifanya, noti ya Sikudhani ingekuwa karatasi na kukiri kwa Daktari kungekuwa hadithi ya wajukuu." Akapuliza vidole vyake. "Mimi nilitaka kujua tu, Mheshimiwa. Na bado nataka. Mtamwandika nani?"

Wakapiga kura. Wajumbe wawili wakamtaja Sikudhani, ambaye mkono wake uliona. Wawili wakamtaja Bi. Nyamizi, ambaye mkono wake ulikataa kumimina. Wawili wakamtaja Daktari Lwitiko, na yeye mwenyewe hakuwa mmoja wa wawili hao. Yeye alimtaja mwingine, na Katibu hakuandika ni nani.

Ikabaki kura ya saba. Gavana Apaikunda akawatazama watatu wale, mmoja mmoja, na kila alipofika kwa mmoja alionekana ameamua, na akifika kwa wa pili anaonekana ameamua tena.

"Kengele," akasema. "Jina nitalitaja kikombe changu kikiwa mkononi."

Kengele ikalia. Bi. Nyamizi akamimina. Kikombe cha kwanza, wakanywa. Cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita, wakanywa mpaka mwisho, hakuna aliyeacha nusu. Akafika cha saba. Safari hii akakijaza.

Gavana amekishika mpaka leo. Akitaja jina na kukinywa, jina limefungwa, na halitafunguliwa na mtu yeyote. Kalamu ya Katibu iko juu ya karatasi. Sikudhani ametega sikio, Daktari ameinamisha kichwa, Bi. Nyamizi hapumui kwa kutaka kujua. Na chai inapoa.

Haya, enyi mliokaa nami tangu birika lilipojaa: mkono uliotambua, mkono uliozuia, na kinywa kilichokiri. Kiti hiki cha Gavana nawasogezea. Mkikalia ninyi, mtatia sahihi ya nani, na wale wawili mtawatoa kwa mlango gani?